Siku Stelingi Alipokufa Balangdalalu

Emi wangu,

Umeenda kwa shangazi yako kuaga, baba yako amekusindikiza polepole na fimbo yake, na mimi nimebaki jikoni na kalamu. Nimeona niandike kabla hamjarudi, maana ukiwa mbele yangu nitaishia kusema "kula" na "vaa sweta," na mengine yote yatabaki kifuani. Kesho asubuhi unaondoka. Kesho! Nikikumbuka natabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Jana nimeyatia makande chumvi mara mbili, mkala, mkanyamaza, nikajua mnanihurumia.

Habari za begi, nauli na kuchemsha maji siandiki. Wewe ni mtu mzima na unajua kufunga begi kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari za sinema.

Usicheke. Mtoto anaondoka nyumbani, mama yake anamwandikia habari za watu wanaoruka angani wamevaa nguo za kubana! Lakini wewe unakwenda Dar es Salaam kuwa sauti ya watu hao kwa Kiswahili, na mimi niliishi nao kabla hujajua kutembea. Nafikiri hakuna mtu katika wilaya hii yote aliyelia kwa ajili yao kuliko mimi, tena nikiwa nimeshika maiki.

Nilipoolewa kutoka Nambis niliona kama nimetolewa kwenye ukungu nikatupwa kwenye vumbi. Kwetu asubuhi huoni zizi la jirani. Huku unaona ng'ombe wa mtu tangu wakiwa nukta mpaka wanakunyea mlangoni. Baba yako alikuwa fundi wa kuezeka, na kila alipoezeka nyumba ya mtu alirudi na mabanzi na vipande vya bati. Nikadhani anataka kujenga banda la kuku. Siku moja akaja na TV, deki na jenereta, akasema, "Mama Emi, tunafungua sinema." Watu wakakiita kibanda umiza, kama wanavyoviita vibanda vyote vya video, na chetu kilistahili hilo jina. Yale mabenchi yalikuwa na vibanzi vinavyoingia mpaka mfupani.

Mtafsiri wetu alikuwa bwana mmoja wa Katesh mwenye sauti nene. Sinema ilikuwa kwa Kiingereza, yeye anakaa pembeni na maiki anawaambia watu kinachosemwa. Siku moja ya mnada hakutokea. Banda lilikuwa limejaa hadi watu wamekaa chini. Wachungaji wa bondeni walikuwa wameshauza ng'ombe wao, wameacha fimbo mlangoni, na walioshindwa kuingia walikuwa wanapiga mabati kwa nje. Baba yako akanitazama.

"Wewe si ulisoma Kiingereza?"

"Nilisoma cha mtihani."

"Basi wape hicho hicho cha mtihani."

Ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa kwa kanga, umelala. Nikashika maiki. Mwanzoni nilitafsiri neno moja nikaruka kumi, na watu wakaguna. Halafu nikaona wanachotaka. Maneno yote yale hawakuyahitaji, walitaka tu kujua nani anampenda nani na nani anamuogopa nani, na hayo yanaonekana usoni. Nikaanza kuwasema watu wa kwenye TV kama ninavyowasema watu wa hapa. Jambazi likiongea naliwekea sauti ya yule dalali wa mnadani aliyekuwa anachukiwa na kila mtu. Banda likapasuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo bwana wa Katesh hakuitwa tena.

Sasa nikuambie ile siku ambayo stelingi alikufa.

Unajua sheria ya kibanda umiza. Stelingi, yule shujaa wa sinema, hafi. Atapigwa, ataanguka kutoka ghorofani, atafunikwa na moto, lakini mwisho utamuona anatoka kwenye moshi anajifuta damu mdomoni. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya hiyo dakika ya kutoka kwenye moshi. Na stelingi mwenye nguvu za ajabu ndiyo kabisa. Atakufaje mtu anayebeba lori kwa mkono mmoja?

Stelingi wa siku hiyo alikuwa mwanamke. Alikuwa na nguvu za radi, akinyoosha vidole umeme unatoka. Wazee walimpenda kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na maneno mengi. Mwisho wa sinema bwawa kubwa lilipasuka ukuta, na chini ya bwawa kulikuwa na mji mzima umelala. Angeweza kuuziba ule ufa kwa radi yake, lakini lazima aitoe yote, na radi ndiyo iliyokuwa roho yake. Mdogo wake wa kike alikuwa upande wa pili wa mlango wa kioo anapigapiga kioo kwa ngumi. Stelingi akageuka, akamtazama, akasema kitu kifupi.

Emi, sikusikia alichosema. Jenereta lilikuwa linanguruma, na hata ningesikia nisingeweza kukisema. Nilikuwa na mdogo wangu Nambis niliyemwacha analia getini siku ya harusi yangu. Nikanyamaza na maiki mkononi. Akasimama Mzee Gidahong, yule aliyekuwa anakaa benchi la mbele kila mnada, shuka lake begani.

"Mama Emi! Amesema nini huyo?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema la kwanza lililokuja. "Amesema, 'Wewe nenda na ndama. Mimi nabaki.'"

Kwenye TV hapakuwa na ndama hata mmoja. Hakuna aliyeuliza. Umeme ukatoka kwenye mikono ya yule mwanamke, ukuta ukazibika, akaanguka, na maji hayakwenda popote. Tukasubiri moshi. Moshi ukatoka, ukaisha, yeye hakutoka.

Hapo palichimbika! "Stelingi hafi! Stelingi hafi! Turudishieni viingilio!" Mmoja akasema nimetafsiri vibaya, kwamba amezimia tu. Mwingine akataka baba yako airudishe nyuma tuone kama ameachama mdomo, maana maiti halisi huachama. Wanaume wazima, Emi, watu wanaolala porini na simba, walikuwa wanajifuta macho kwa pembe ya shuka huku wanadai pesa zao.

Mzee Gidahong hakudai. Watu walipotoka alibaki kwenye benchi. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa leo."

"Marahaba. Umejuaje habari za ndama?"

"Sijui mzee. Nimejisemea tu."

Akaniambia kwamba walipokuwa wadogo, yeye na kaka yake, walikuwa wanachunga ndama na simba akawatokea. Kaka yake akabaki na mkuki. Yeye akakimbia na ndama mpaka nyumbani, na ndama wote wakafika.

"Lakini kaka yangu hakusema kitu," akaniambia. "Hapo sinema imedanganya. Hapakuwa na nafasi ya kusema. Alinisukuma tu hapa." Akajigusa begani. "Halafu wakubwa waliniambia maisha yangu yote, kaka yako alikufa kwa ajili yako. Wakanipa jina lake niwape watoto. Hakuna aliyeniuliza mimi niliishije."

"Uliishije, mzee?"

"Nilikunywa maziwa," akasema. "Jioni ile ile. Nilikuwa na njaa. Nikayanywa yote."

Akaondoka zake. Nilifikiria yale maziwa kwa siku nyingi. Sinema ingeishia kwa kaka na mkuki wake, na muziki wake mkubwa, na ingemsahau mtoto aliyefika nyumbani ana njaa. Nikaanza kuona kwamba hizi sinema zote zinaisha mapema mno. Yule mdogo mtu wa nyuma ya kioo, kesho yake aliamka akafanya nini? Alipiga mswaki? Siku ya kwanza aliyocheka tena, alijisikia vibaya? Nilitamani mtu atengeneze sinema ya huyo.

Sikujua kwamba ninayemlea mgongoni ndiye huyo.

Sehemu inayofuata unaijua, ila unaijua kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa ndani. Ngoja nikuambie ilivyokuwa upande wangu.

Ilikuwa likizo ya shule, mchana, banda limejaa watoto. Hapa hapakudondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na lile korongo lililopita nyuma ya mnada lilikuwa kavu siku zote, tulikuwa tunaanika nguo humo. Mimi nilikuwa kwenye maiki natafsiri mapigano. Nikasikia mngurumo nikadhani ni wa sinema. Baba yako akaingia kwa kile kimlango cha pembeni cha kupita mtu mmoja, uso umebadilika, akaniinamia sikioni.

"Maji. Mengi. Watoe bila kelele."

Mlango mkuu ulikuwa upande wa korongo. Kama ningepiga kelele, watoto wote wangekimbilia huko huko kwenye maji. Sijui nani alinipa akili siku ile. Sikuzima sinema. Nikaongea na maiki kwa sauti ya stelingi, "Watoto wa Balangdalalu! Nawaona! Simameni sasa hivi! Shikaneni mikono! Ukuta wa nyuma utafunguka, mtaona maajabu!" Na baba yako, aliyekuwa ameshazunguka nje, akapiga yale mabanzi teke, moja, jingine, mwanga ukaingia! Watoto wakapiga makofi, Emi! Walidhani ni sinema. Wakatoka wameshikana mikono wakicheka, wakapanda kile kilima cha kanisa, na mimi nikaendelea kuwatangazia kama mwendawazimu, "Hodari! Stelingi anawaona! Msiachiane!" Mpaka leo nikiandika hivi nywele zinasimama. Sijawahi kutafsiri vizuri kama siku ile.

Walibaki wachache maji yalipoingia. Jenereta likazimika, giza, benchi zikaanza kuelea. Daudi wa jirani, aliyekuwa hajafikisha hata umri wa shule, alikuwa amenishika gauni. Wewe ulikuwa upande wa pili, karibu na TV, umepanda mezani. Nilikuona. Ulinyoosha mikono. Nikamnyanyua Daudi nikatoka naye.

Baba yako alinipita mlangoni akiingia. Alikutoa amekubeba mgongoni, na mkitoka ile nguzo ya katikati ikaanguka ikampata mguu. Banda likaondoka lote, TV, mabenchi, kila kitu, tukabaki kilimani tunalitazama. Watoto wote walikuwepo. Mama Daudi alipiga magoti mbele yangu kwenye tope, na Jumapili iliyofuata nikasimamishwa kanisani na watu wakanipigia makofi, na padri akasema huyu mama aliacha wa kwake akaokoa wa mwenzake.

Ukaniuliza usiku wa Jumapili hiyo, "Mama, mbona ulimchukua Daudi?"

Na mimi, nikiwa bado na makofi masikioni, nikakujibu, "Stelingi hachagui wa kwake." Nikaona jibu zuri sana. Wewe ukageukia ukutani ukalala.

Jibu la kweli ni hili, na nimechelewa nalo. Sikuchagua. Daudi alikuwa karibu na mkono wangu na wewe ulikuwa mbali. Basi. Kwenye sinema stelingi anapewa nafasi. Picha inausogelea uso wake, muziki unapungua, anamtazama huyu, anamtazama yule, na sisi wote tunashika pumzi. Mimi hakuna aliyenisogelea. Mkono ulishika kilichokuwa karibu, na miguu ikatoka. Ungekuwa wewe uliyeshika gauni langu, ningetoka na wewe, na Mama Daudi asingenipigia magoti, na ningekuwa mtu yule yule. Hukuachwa kwa ajili ya sifa, Emi. Nimegundua mwaka huu, mwaka huu tu, kwamba ulikua ukidhani mama yako alikupima na Daudi akakukuta mwepesi.

Nimegundua kwa sababu ya ile Jumatano simu ilipopigwa.

Mungu wangu, ile simu! Ulikuwa umejirekodi stoo, katikati ya magunia ya mahindi ili sauti isirudi, umejifunika blanketi, na mimi nje nafukuza kuku wasije wakawika ndani ya sauti yako. Tukawatumia watu wa Dar, tukasahau. Kisha Jumatano ile nakukuta umesimama kwenye alizeti na simu mkononi, mdomo wazi. "Mama, wamenikubali." Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani kuna moto. Nikamwagiwa kwa bahati mbaya na sikujali. Nilicheza kwenye tope nimelowa.

Jioni yake ukatukalisha mimi na baba yako, ukasimama karibu na mlango, mikono nyuma, ukatuambia huendi. Ulisema baba hawezi kulima na mguu ule, macho yangu hayaoni vizuri sindano, na mguu wa baba umeumia kwa ajili yako, maana mimi nilimchagua Daudi, kwa hiyo utabaki. Ulisema vizuri sana! Sauti haikutetemeka. Nilisikia kabisa muziki ukipungua. Na mimi nilitaka kukupiga na mwiko.

Baba yako ndiye aliyeongea. Unakumbuka alivyocheka kwanza.

"Huyu binti anataka kufa kwa ajili ya kuku wetu."

"Baba, sitanii."

"Mimi pia sitanii. Nani amekuomba?"

Ukageukia mlango.

"Nakuuliza, Emi. Mimi nimekuomba? Mama yako amekuomba? Mguu huu," akaugonga kwa fimbo, "mguu huu ni wangu. Niliutumia nilivyotaka. Haukukopeshwa kwa mtu."

Nimeishi na mume huyu miaka yote hii na sikujua ana neno kama hilo ndani yake. Wewe ukatoka nje unalia, akakufuata kwenye zizi, na aliporudi akaniambia ulichomwambia mkifunga ndama. "Naogopa, baba. Naogopa watanicheka navyoongea." Wewe unaogopa lafudhi yako ya Kimbulu itachekwa na watu wa Dar! Mguu wa baba ulikuwa kweli, macho yangu kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na hofu imevaa joho la stelingi.

Niliijua hofu hiyo mara moja, maana ni yangu. Banda lilipoondoka na maji, alikuja bwana mmoja kutoka Arusha aliyekuwa anauza sinema zilizotafsiriwa. Alikuwa amesikia habari za mwanamke wa Balangdalalu. Akataka nikarekodi huko, sauti yangu iuzwe nchi nzima. Nikamjibu, "Nina mtoto mdogo na mume mgonjwa, siwezi kuwaacha." Akaniheshimu sana. Wote waliniheshimu. Shangazi yako mpaka leo anasimulia jinsi nilivyojinyima. Lakini baba yako alikuwa ameniambia niende, bibi yako alikuwa tayari kuja kukaa nawe, na mimi nililala macho wazi nikiwasikia watu wa mjini wanacheka Kiingereza changu cha mtihani. Niliogopa, nikasema nimebaki kwa ajili ya mtoto. Nikakuweka mbele yangu kama ngao, na ngao yenyewe ilikuwa na meno mawili yaliyong'oka inacheza na vifuniko vya soda uani.

Sijuti maisha niliyoishi. Nimelima na baba yako, nimekula jasho langu, nimekuona ukikua. Ila nimejifunza kujiuliza jambo moja ninapotaka kujitoa kwa ajili ya mtu. Je, kama huyo mtu asingekuwepo, ningekwenda? Siku ile ya Arusha, jibu lilikuwa hapana. Kwa hiyo sikumtolea mtu kitu. Siku ya korongo sikuwa na nafasi ya kuuliza. Na baba yako alipoingia kwenye giza lile, nilimuuliza baadaye alikuwa anawaza nini, akaniambia alikuwa anawaza kwamba umevaa kandambili zilizokatika na utateleza. Hayo tu. Sinema haitengenezwi kwa kandambili, lakini ndivyo alivyokuwa anakupenda, hadi kwenye miguu yako.

Ukifika huko utaingiza sauti nyingi za watu wanaojitoa. Utasema "Nenda, niache" na "Okoa wengine" mpaka ukome. Usizidharau. Mimi nimeziona zikiwaliza watu ambao hawakuwalilia baba zao, na nadhani walikuwa wanawalilia baba zao. Lakini kuna siku mtu atakudai ujitoe ili akupende, na atakuwa na maneno mazuri kama ya sinema. Na kuna siku hakuna atakayekudai, mkono wako utashika tu kilicho karibu, na utajua baadaye. Sina la kukufundisha hapo. Nakwambia tu nilivyoona.

Na usifikiri unaacha nyumbani watu wanaosubiri kuokolewa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alinipitia juzi. Wamepata projekta, na watoto wanataka sinema Jumamosi. Akauliza kama bado naweza kushika maiki. Nikaanza kusema macho yangu, mguu wa mume wangu, kuku. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikacheka mbele yake, masikini hakujua nacheka nini. Nikamwambia nitakuja. Naanza Jumamosi hii, Emi! Daudi ndiye atakayefunga waya. Ana ndevu sasa na bado anaongea kwa aibu akiniona.

Umeniambia kwamba mwanzo hawatakupa stelingi. Watakupa sauti za watu wa barabarani, wale wanaokimbia na kupiga kelele ghorofa zinapoanguka. Ulisema kwa kunyong'onyea kidogo. Mimi nikafurahi kuliko ungeniambia stelingi. Kwa miaka yote niliyotafsiri, wale watu sikuwahi kuwapa neno hata moja. Stelingi anakufa juu angani, na wao chini wanafungua midomo, na mimi nawaacha bubu. Sasa watakuwa na wewe.

Sinema yako ya kwanza ikifika tutaionyesha shuleni, mimi nitazima maiki nikae benchini na watu wengine. Stelingi atakuwa anafanya makubwa yake huko juu na kila mtu atamtazama yeye. Mimi nitafumba macho. Katika kelele zote zile za watu, mmoja atapiga ukelele, "Mshikeni huyo mtoto!" na herufi zake zitakuwa nzito, za huku kwetu, na mimi nitasimama katikati ya sinema, niwazibe wa nyuma wasione, niseme kwa sauti yangu yote, huyo ni wangu.

Mama yako,
wa Balangdalalu